Daftari Nililolichana
(Hotuba iliyosomwa Kidahwe katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya vijana na kompyuta. Nitaeleza habari za studio moja inayotengeneza michezo ya kompyuta, kisha nitaungama kosa langu.

Mjini Nairobi kijana mmoja, Wesley Kirinya, alitoa mwaka 2007 mchezo uitwao The Adventures of Nyangi, ambamo msichana wa Kiafrika hutafuta vitu vya kale vya asili yetu. Huko Ghana naye Eyram Tawia, angali mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Kumasi, alikuwa ametengeneza mchezo wake, The Sword of Sygos. Kila mmoja alihangaika kivyake. Mwaka 2009 waliunganisha nguvu wakaanzisha Leti Games, ambayo baadaye iliitwa Leti Arts, ikawa na ofisi Accra na Nairobi.

Huitwa mchezo, lakini kuutengeneza ni kazi. Yupo atungaye hadithi, yupo achoraye, yupo aandikaye maagizo ambayo kompyuta huyafuata, na yupo atafutaye makosa. Studio hiyo ilimchukua Ananse, buibui mjanja wa ngano za Ghana, pamoja na Shaka wa Wazulu, ikawaingiza katika michezo ya simu na vitabu vya katuni viitwavyo Africa's Legends. Sungura wetu bado anangoja.

Sasa kosa langu. Nilipokuwa mwalimu, nilimkuta kijana wa kidato cha pili akichora wakati wa somo la hesabu. Daftari zima lilijaa mchezo alioubuni: mtumbwi, ziwa, dhoruba, pointi 5 kwa kila mgebuka, na 20 hupotea mtumbwi ukipinduka. Nililichana mbele ya darasa. Hesabu niliyokuwa nikifundisha ilikuwamo humo humo, nami sikuiona. Sikumwona akichora tena.

Kijana huyo leo ni mtu mzima, na yumo humu ukumbini. Sitamtaja jina. Namwomba radhi.

Ndugu zangu, leo tunachangia chumba cha kompyuta cha shule yetu. Naomba tuweke sharti moja: masomo yakiisha jioni, mlango usifungwe. Na mwalimu wa zamu akikuta daftari la michoro, kwanza alisome.