Mizani Isitudanganye: Maneno Machache Juu ya Kisukari cha Utotoni

(Hotuba iliyotolewa na mhitimu mmoja, daktari wa watoto, siku ya mkutano wa wahitimu)



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu. Nitaanza na kosa langu. Nilipokuwa kiranja wa bweni, alikuwapo kijana wa Kidato cha Kwanza aliyetoka mara nne au tano kila usiku kwenda haja ndogo, na mwisho akawa anakojoa kitandani. Nilimwandika katika daftari la wakosaji, akafyekeshwa nyasi. Suruali zilimpwaya, tukamcheka. Alipoanza kutapika na kuhema kwa nguvu tulisema ni malaria. Alifia njiani akipelekwa hospitali. Miaka mingi baadaye, nikisomea udaktari, nilizikuta dalili zake zote katika ukurasa mmoja wa kitabu.

Kisukari kinachowapata watoto wadogo mara nyingi ni cha aina ya kwanza. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huzigeukia seli za beta za kongosho, ndizo zinazotengeneza insulini. Insulini ikikosekana, sukari hurundikana katika damu, na figo huitoa pamoja na maji mengi. Ndiyo sababu ya kiu na mikojo. Mwili nao, ukiwa na njaa katikati ya sukari tele, huanza kula mafuta na misuli yake, na damu hujaa asidi.

Je, insulini huisha kwa kasi gani? Hapo ndipo umri na uzito vinapoingia. Seli za beta zinapotengeneza insulini hutoa pia kipande kiitwacho peptaidi C, kwa kiasi kile kile. Insulini ya sindano haina kipande hicho, kwa hiyo tukikipima tunajua mwili wenyewe bado unatengeneza kiasi gani. Kwa wastani, mtoto anayeugua kabla ya kutimiza miaka 5 hupoteza insulini yake upesi kuliko anayeugua akiwa na miaka 14. Na watoto wazito, siku wanapogunduliwa, kwa kawaida huwa na peptaidi C zaidi kuliko wembamba.

Basi msiseme unene ni kinga! Mwili mnene huhitaji insulini nyingi zaidi kufanya kazi ile ile, na balehe huongeza mahitaji hayo. Kijana mkubwa mwenye insulini kidogo iliyobaki anaweza kuugua polepole, akaendelea kucheza mpira wiki kadhaa huku ugonjwa unamla. Siku hizi wapo pia vijana wanene wenye kisukari cha aina ya pili, lakini mnene naye hupata aina ya kwanza. Macho hayawezi kuamua. Tone la damu la kidoleni huonyesha sukari kwa muda mfupi sana.

Insulini kidogo iliyobaki ni akiba kubwa. Wenye akiba hiyo hawashukiwi sana na sukari ghafla, na macho na figo zao huumia kidogo zaidi. Lakini akiba haitoshi peke yake. Sindano ni lazima. Mjini Toronto, Kanada, Januari 1922, Leonard Thompson alikuwa na miaka 14 na uzito wa kilo 29 hivi alipodungwa insulini, wa kwanza kutibiwa kwayo. Kabla yake, watoto wa namna ile walinyimwa chakula ili waishi siku chache zaidi. Yeye aliishi hadi 1935.

Ndugu zangu viranja, daftari mnalo hata leo. Mkimwona mwenzenu anakunywa maji bila kikomo, anakojoa usiku, anakonda au anachoka, msimwandike humo. Mwulizeni, kwani kuuliza si ujinga, kisha mpelekeni kwa mwalimu siku hiyo hiyo, apimwe sukari. Akitapika, akihema kwa nguvu, au pumzi yake ikinukia kama matunda yaliyoiva mno, msingoje asubuhi.

Mimi sikuuliza. Ninyi ulizeni.