Msongo Ulipopanda Kupita Kiasi

Aprili 28, 2025, saa 6:33 mchana, umeme ulikatika Hispania na Ureno kwa wakati mmoja. Treni zilisimama njiani, abiria wakiwa ndani.

Wengi hudhani gridi huanguka umeme unapopungua. Safari hii msongo wa umeme ulipanda mno.

Nusu saa kabla, gridi ilikuwa imeanza kuyumba. Ili kuituliza, waongozaji wakapunguza umeme uliokuwa ukienda Ufaransa na kuunganisha laini zaidi. Mayumbo yakatulia, lakini laini ndefu yenye mzigo mdogo hupandisha msongo. Mitambo ya kuzalisha umeme ya maeneo ya Granada, Badajoz na Sevilla ikajitoa. Kila ulipojitoa mmoja, msongo ukazidi, na mingine ikafuata.

Hapo, baada ya kikomo cha msongo, kikavukwa kikomo cha pili. Jenereta za gridi moja huzunguka kwa mwendo mmoja, zikitofautiana kwa pembe ndogo tu. Pembe ikipanuka kupita kiasi, haziwezi tena kuvutana. Hispania na Ureno zilipopoteza mwendo wa pamoja na Ulaya, vifaa vya ulinzi vikakata laini za Ufaransa.

Tangu mitambo ianze kujitoa, yote hayo yalichukua sekunde chache!

Laini za Ufaransa na Moroko ndizo baadaye zilizosaidia kuwasha upya. Kenya na Tanzania, zilizounganishwa kwa laini ya kilovolti 400 tangu mwisho wa 2024, zina sababu ya kulisoma tukio hili kwa makini: vifaa vya kudhibiti msongo vinastahili bajeti sawa na mabwawa na nguzo.