Raha Ndogo za Wiki Yetu

(Maneno ya wanachama waanzilishi, yaliyosomwa katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Mweka hazina amekwisha kusoma hesabu na mmempigia makofi. Sisi waanzilishi kamati ilituomba tueleze mafanikio. Tukaulizana: mafanikio gani tena, ikiwa hisa zimesomwa, mikopo imesomwa, na hata faini za wachelewaji zimesomwa? Tukakubaliana tuseme habari ya raha zetu. Siyo zile za harusi wala za sikukuu. Ni zile ndogo za Jumatatu hadi Jumapili, ambazo daftari la kikundi halina safu ya kuziandika.

Tuanze na jua. Wenzetu wanaoanika dagaa kule Igombe na Kayenze wanajua tunachosema. Jua likiwaka bila wingu, dagaa waliomwagwa kwenye chanja asubuhi wanakuwa wamekauka ifikapo jioni, wanang'aa, na ukiwashika wanavunjika kwa sauti. Mvua ikiwakuta wanaharibika, na mnunuzi atakupa bei ya chakula cha kuku. Kwa hiyo mama akikuambia "leo jua lilikuwa tamu", usidhani anatunga shairi. Anazungumza habari ya ada ya shule.

Halafu kuna wiki ya mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, mitumbwi mingi inalala ufukweni. Wageni huusifu mwezi ule juu ya ziwa. Sisi tunautazama kwa jicho lingine, maana sokoni Mwaloni mambo yanapoa na mifuko inakauka. Hata hivyo wiki hiyo nayo ina raha zake. Ndipo tunaposukana nywele, ndipo tunapokwenda kumjulia hali mama mkwe, na ndipo tunapolala mpaka saa moja asubuhi, jambo ambalo mchuuzi wa dagaa akilifanya siku nyingine, majirani watakuja kugonga mlango kuuliza kama ni mzima.

Wanaoishi milimani, Bwiru na Kirumba, wana mawe yao. Mchana tunayaanikia nguo. Jioni jiwe bado lina joto la jua, unakaa juu yake na mtoto, upepo wa ziwa unapanda, na kule mbali taa za wavuvi zinatokea moja moja mpaka unaona kama kuna mji mwingine majini. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Ukiwa na bakuli la michembe iliyochemshwa kwa karanga, basi tena, huna unachomdai mtu. (Wapo wanaosema matobolwa ni bora kuliko michembe. Ubishi huo leo hatuuingii.)

Na siku ukibahatika kupata furu! Mama zetu waliwala mpaka wakawachoka, kabla sangara, aliyeingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, hajawapunguza. Siku hizi ukiwapata unamwita jirani.

Wanaofuata maharage upande wa Sengerema wana raha mpya tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi. Ni kama kilomita 3, unavuka kwa dakika chache mahali ambapo foleni ya kivuko ilikuwa inakula mchana wako. Mwenzetu mmoja sasa anafika nyumbani jua lingali juu na anapika mwenyewe. Hilo kwetu si dogo. Ila anasema kwenye foleni ile ndipo alipokuwa akila samaki wa kukaanga na kupiga soga na wauzaji, hata akajua majina ya watoto wao. Sasa basi halisimami.

Hapo ndipo tunapofika kwenye lililo moyoni. Lipo pendekezo kwamba mzunguko ujao hisa zitumwe kwa simu, na kikao cha kila Jumamosi kiwe mara moja kwa mwezi. Sababu zake hatuzibezi. Nauli ya daladala imepanda, sanduku la fedha ni hatari hata likiwa na kufuli tatu, na chai inatoka kwenye mfuko wa jamii.

Lakini jamani! Tukiulizwa kwa haki, raha kubwa ya wiki yetu ni Jumamosi saa kumi alasiri, mshika ufunguo wa tatu anapoingia akihema, tunamzomea kwa mapenzi, kufuli zinafunguliwa, fedha zinahesabiwa kwa sauti na birika linapita. Tena si raha tupu. Wiki moja ya mbalamwezi, miaka ya nyuma, mwenzetu alileta hisa moja badala ya tano kama kawaida yake. Kwenye simu ingesomeka hisa moja, yamekwisha. Pale mkekani tuliona andazi lake liko mkononi hajaliuma. Mama mmoja akamvuta pembeni. Kumbe mtoto alikuwa amelazwa siku ya tatu, na mwenyewe aliona haya kusema. Mfuko wa jamii ulifunguliwa jioni ileile, na tukapeana zamu za kulala naye wodini. Mtoto huyo yupo hapa leo, ndiye aliyepanga viti mlivyokalia.

Kwa hiyo sisi tunaomba simu iwe ya walio safarini na wagonjwa, na kikao cha wiki kibaki. Kama maandazi ndiyo yanayoumiza mfuko, tutaleta michembe kutoka majumbani.

Kura ni Jumamosi ijayo, saa kumi kamili. Kila mwenye hisa aje mwenyewe, na kikombe chake.