Nyota ya Mtoto na Mwezi Aliozaliwa
Mhadhara wa umma uliotolewa Namanyere, Wilaya ya Nkasi



Niliombwa nizungumzie malezi kwa jumla. Sitafanya hivyo, na wa kulaumiwa ni mwenzangu mmoja, msomi wa saikolojia ninayemheshimu, aliyesema kikaoni kwamba tusiwabughudhi wazazi wanaowapigia watoto nyota. Alidai haina madhara. Mama akiambiwa mwanawe ni Nge, atauvumilia ukali wake. Akiambiwa ni Samaki, atamsikiliza kwa upole. Hata kama si kweli, inasaidia. Kauli hiyo ndiyo nitakayopambana nayo leo, na nikizidisha mniwie radhi.

Historia ya elimu ya falaki, huku kupiga nyota, mnaijua: ilitoka Babeli ikapita kwa Wagiriki na Baghdad hadi pwani yetu, kisha misafara ya Ujiji ikaishusha hadi vijiji vya ziwani. Mnajimu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, aliifanya isikike hata katika nyumba ambazo hazikuwa na mtu wa kufungua kitabu cha nyota. Hapo panatosha.

Ninachotaka kukaa nacho ni kitabu kimoja, kile kinachouzwa kwa jina la Abu Ma'shar al-Falaki. Abu Ma'shar mwenyewe alizaliwa Balkh mwaka 787 na kufa mwaka 886, na wataalamu wengi hawakubali kwamba kitabu hicho ni cha mkono wake. Hata hivyo nakipenda. Hakikuulizi saa wala siku ya kuzaliwa. Kinataka jina la mtoto na jina la mama yake. Baba hana nafasi, kwa maana hakuna anayemtilia shaka mama. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake katika hesabu ya abjadi: alifu ni 1, be ni 2, mpaka ghaini ambayo ni 1,000. Unajumlisha majina mawili, unaondoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndiyo nyota. Ikibaki moja ni Hamali, yaani Kondoo. Mbili ni Thauri, Ng'ombe. Hivyo hivyo mpaka Hutu, Samaki. Kila nyota ina asili yake, moto, udongo, hewa au maji, tena ina siku yake, maradhi yake na ubani wake. Ni hesabu safi, na fundi anayeijua huifanya kichwani huku akitia sukari kwenye chai.

Sasa tuifanye. Mtoto anaitwa Musa, mama yake Mariamu. Musa kwa imla ya Qurani: mimu 40, wau 6, sini 60, na ile alifu ya mwisho inayoandikwa kwa umbo la ye, 10. Jumla 116. Mariamu: 40, 200, 10, 40, jumla 290. Pamoja ni 406. Ondoa kumi na mbili mara 33, inabaki 10: Jadi, Mbuzi, mtoto wa udongo. Mwambie sasa fundi mwingine aandike Musa kama tunavyolitamka, kwa alifu ya kawaida mwisho. Jumla inashuka hadi 397, inabaki 1. Mtoto yule yule amekuwa Kondoo, wa moto. Kabla hajalia ameshabadilika tabia kwa sababu ya imla! Na kama alizaliwa Agosti 5, gazeti litasema ni Simba.

Na huku kwetu? Wamisionari wa Afrika walifika Karema mwaka 1885, na tangu hapo watoto wengi wa Ufipa wamepewa majina ya watakatifu. Mpige nyota Pius. Kiarabu hakina P, kwa hiyo mmoja ataandika be, mwingine fe. Tutaambiwa hiyo ni dosari ya fundi, si ya nyota. Nauliza: nyota ipi, kama kila fundi ana yake?

Wanaotumia tarehe hawana afadhali. Mwaka 1985 Shawn Carlson alichapisha katika jarida la Nature jaribio ambalo wanajimu walipewa chati ya kuzaliwa na maelezo ya watu watatu, wachague yanayolingana nayo. Walipatia takriban mara moja kati ya tatu, sawa na mtu anayebahatisha. Na kuhusu mama anayesema "lakini alipatia kabisa", mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia zao, kila mmoja akiamini ni ya kwake peke yake. Kwa wastani waliyapa zaidi ya alama 4 kati ya 5. Yalikuwa maelezo yale yale kwa wote, na mengi aliyatoa kwenye kitabu cha nyota.

Hapo ingekuwa mwisho kama mwenzangu asingedai kwamba haina madhara. Mimi nilipigiwa nyota. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Kirando, na fundi wa huko akasema mimi ni wa maji, na maji hayakai na kitabu. Dada yangu, wa moto, akapelekwa shule. Mimi nikabaki na mbuzi mpaka baba yangu, katekista, akanishika mkono akanipeleka mwenyewe. Ndugu zangu bado wananitania juu ya maji haya. Nyota ikimpa mzazi uvumilivu, inampa pia ruhusa ya kukata tamaa, na ruhusa hiyo huwaangukia watoto wale wale waliokwisha kuchelewa.

Lakini nakiri kwamba wanajimu wa magazetini wana swali moja zuri: mtoto huyu alizaliwa lini? Nalishikilia, na wenzangu wamechoka kunisikia nikilitetea. Huku kwetu mvua huanza Novemba na kwisha Aprili. Mtoto wa Julai hutimiza miezi sita na kuanza kula Januari, chakula ghalani kimepungua na mama yuko shambani kutwa. Wa Januari huanza kula Julai, mahindi na maharage yameingia. Mkoa wa Rukwa unalisha nchi mahindi, lakini utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Simhukumu mtoto kwa mwezi wake, nauhukumu mwezi.

Shule nayo hufunguliwa Januari. Wa Desemba hukaa dawati moja na anayemzidi karibu mwaka, na katika umri wa miaka sita, mwaka mmoja ni sehemu ya sita ya maisha. Mwaka ule ule wa 1985, Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba wachezaji wa hoki wa Kanada waliofika juu walizaliwa zaidi miezi ya mwanzo wa mwaka, kwa sababu usajili wa watoto uligawa makundi ya umri kuanzia Januari. Mtasema vijijini watoto huanza shule wakiwa na umri wowote, hivyo hesabu inavurugika. Ni kweli, inavurugika. Bado naamini mwalimu anayemwita mtoto wa Desemba mzito wa kichwa mara nyingi anapima tarehe.

Kwa hiyo, wazazi, Januari mkipeleka mtoto darasa la kwanza, chukueni kadi ya kliniki yenye tarehe yake ya kuzaliwa. Nanyi walimu, andikeni mwezi wa kuzaliwa kando ya jina lake kwenye daftari la mahudhurio, kwa wino.