Batobato, Maradhi ya Muhogo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Morogoro)

Huko Matombo na Mkuyuni, chini ya milima ya Uluguru, mtu aweza kuona mihogo ambayo majani yake yamekunjamana na kuwa na mabaka ya manjano. Wengine husema ardhi imechoka. Sivyo. Hayo ni maradhi, nayo huitwa batobato. Asili yake ni kirusi, kisichoonekana hata kwa darubini ya kawaida.

Jani ni jiko la mti. Rangi yake ya kijani hupokea nuru ya jua, na kwa nguvu ya nuru hiyo maji na hewa ya ukaa hugeuzwa kuwa sukari. Kazi hiyo ndiyo usanisinuru. Sukari hushuka mizizini, ikawa wanga, ndio muhogo tuulao. Kirusi kiingiapo katika jani, rangi ya kijani hupungua, na jani lenyewe hudumaa, likakosa upana wa kupokea nuru. Moto wa jiko ukififia, chungu hakiivi. Mkulima huchimba mizizi myembamba, na muhogo ndio akiba yake mwaka wa njaa.

Maradhi haya si mageni. Warburg aliyaandika mwaka 1894, zamani za Wadachi. Tangu miaka ya 1930, huko Amani katika Usambara, Storey na Nichols walitafuta mbegu ya kuyastahimili, hata wakauchanganya muhogo na jamaa yake, mpira wa Ceara.

Batobato huenea kwa inzi weupe, na kwa mikono ya watu wakatao vipando katika shina gonjwa. Njia hii ya pili ina hasara zaidi, maana mche huo hukosa nguvu tangu jani la kwanza.

Basi neno hili latuhusu sisi watumishi. Twahamishwa huku na huku, na twendapo nyumbani kwa livu twaombwa vipando vya muhogo wa mbali. Mtu adhani apeleka zawadi, kumbe ampelekea mama yake njaa. Yatupasa kuutazama mti ungali na majani, na kuung'oa wenye mabaka ungali mchanga. Wala macho peke yake hayatoshi: maradhi ya michirizi kahawia huweza kuozesha mizizi hali majani yaonekana mazuri. Kwa hiyo tuwaulize mabwana shamba kwanza. Na Chuo Kikuu cha Sokoine kipo papa hapa Morogoro.

Kipando kisichojulikana asili yake kisisafiri nasi.