Jaribuni Karatasi Kabla ya Kuuza Picha

(Mazungumzo yaliyotolewa na mweka hazina wa kikundi cha vijana wapiga picha, katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia)



Nitaanza na aibu yetu. Kikundi chetu kina printa ya wino, na tunatoa picha za harusi, matanga na za shule. Mama mmoja alituagiza picha kubwa ya marehemu mumewe. Tukaitoa kwenye karatasi ya kung'aa ya bei rahisi, naye akaitundika ukutani bila kioo. Baada ya miezi michache akaturudishia. Uso wa mzee umekuwa rangi ya chungwa, na koti lake la buluu halijulikani ni rangi gani. Hakutugombeza. Aliuliza tu, "Wanangu, ile ya kwanza bado mnayo?" Bahati nzuri ilikuwa kwenye kompyuta.

Sisi tulisema ni jua. Lakini ukuta ule haupigwi na jua hata kidogo! Kumbe hewa pia inakula picha. Ndani ya hewa kuna gesi iitwayo ozoni, na inapenda sana kushambulia wino wa buluu. Buluu ikiondoka, kinachobaki ni wekundu na manjano, ndiyo hiyo chungwa.

Hata wakubwa yaliwapata. Mwaka 2000 huko Marekani, watu walionunua printa za Epson Stylus Photo 870 na 1270 walilalamika kwamba picha zao ziligeuka chungwa kwa wiki chache tu, ingawa walikuwa wameahidiwa miaka mingi. Majaribio ya mwanga yalikuwa yamefanywa picha ikiwa chini ya kioo, ambapo hewa haifiki.

Sasa, karatasi si moja. Iko ile inayokauka papo hapo. Hiyo ina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, wino unaingia humo, lakini hewa nayo inaingia. Iko nyingine ambayo ngozi yake huvimba na kuufunika wino. Hiyo inazuia hewa vizuri, ila inachelewa kukauka na ikipata maji imeharibika. Tena kuna wino wa aina mbili: ule ulioyeyuka kabisa kama chai, na ule wenye chembe kama udongo ndani ya maji. Wa chembe huvumilia zaidi, lakini ni ghali, na si kila printa inaukubali.

Basi msimwamini muuza duka, na maandishi ya pakiti pia msiyaamini yote. Jaribuni wenyewe. Toeni picha ileile, yenye uso wa mtu na rangi zote, kwa wino uleule, kwenye kila karatasi mnayotaka kununua. Ngojeni siku nzima ikauke. Kisha kateni kila moja vipande vinne. Kimoja kiwekeni ndani ya bahasha, ndani ya sanduku, kisiguswe. Hicho ndicho shahidi. Cha pili kiwekeni dirishani chini ya kioo. Cha tatu dirishani hapo hapo, bila kioo. Cha nne kitundikeni mahali penye kivuli na upepo. Nyuma ya kila kipande andikeni kwa penseli tarehe, karatasi na wino.

Kila mwanzo wa mwezi mtoe shahidi, mlinganishe mchana nje kivulini, halafu mrudishe upesi. Cha kivulini kikipauka, adui ni hewa. Cha chini ya kioo kikipauka, ni mwanga. Watu wawili watazame, kwa sababu mwenye kununua karatasi huwa haoni ubaya wake! (Kicheko.)

Mkibadilisha wino, hasa ule wa kujaziwa chupani, anzeni upya. Jaribio la zamani halihesabiki tena.

Yule mama tulimtolea picha nyingine bure, tukaitia fremu yenye kioo na kuziba nyuma. Gharama ilitoka mfukoni mwa kikundi, na mimi kama mweka hazina niliiandika kwenye kitabu: "karatasi rahisi."