Salio la Mnyonge ni Mali Yake



Katika milima ya Umatengo hakuna mkulima wa kahawa anayehitaji kufundishwa maana ya salio. Tumepeleka kahawa kwenye chama cha msingi, tukapokea malipo ya awali, tukatunza stakabadhi tukingojea malipo ya pili. Hakuna aliyeyaita malipo hayo hisani. Leo twataka kuitumia hekima hiyo hiyo katika jambo la umeme.

Njia kuu ya umeme kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika mwaka 2018, na gridi ya Taifa ikachukua nafasi ya mitambo ya dizeli. Siku hizi, kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, tunanunua umeme kwa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Fedha hutangulia, umeme hufuata. Kwa hiyo ni sisi tunaomwamini muuzaji kwanza.

Fedha hiyo yaweza kukwama. Mita mbovu huondolewa ikiwa bado ina uniti. Fedha hukatwa kwenye simu, tokeni isifike. Mama hukosea tarakimu moja ya namba ya mita, na tokeni aliyoletewa haiingii katika mita yake, kwa kuwa kila tokeni hutengenezwa kwa mita moja tu. Tena, mita hizi zilitakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya kuboreshwa, tokeni ya zamani ambayo haikuwa imeingizwa hukataliwa. Katika hali zote hizi mtu amelipa, wala hajapata alicholipia.

Hata hivyo, kabla ya kudai tusome stakabadhi. Humo hukatwa kodi ya ongezeko la thamani, tozo ya nishati vijijini, tozo ya EWURA na, tangu mwaka 2021, kodi ya majengo. Si kila kilichopungua kimepotea, na mwenye kutafuta haki hadai kisicho chake.

Kisha tufuate ngazi. Kwanza, tupeleke lalamiko kwa maandishi katika ofisi ya TANESCO, tukitaja namba ya mita, tarehe na kiasi, pamoja na nakala ya stakabadhi au ujumbe wa simu. Tuombe namba ya lalamiko. Mita inapobadilishwa, tuandike uniti zilizobaki mbele ya fundi kabla haijang'olewa. Pili, tusiporidhika, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC, lililowekwa kumtetea mtumiaji. Tatu, lalamiko hupelekwa EWURA yenyewe, iliyoanza kazi mwaka 2006. Na asiyekubali uamuzi wake aweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani.

Wengine husema: ya nini kuhangaika kwa shilingi elfu kumi? Kwa mwenye ofisi ni kidogo. Kwa mama anayeanika usipa Liuli, ni chakula cha watoto na daftari zao. Anayekaa kimya hapotezi fedha tu, bali humzoeza mwenye nguvu kutoulizwa.

Neno lililo gumu zaidi latuhusu sisi wenyewe. Tuna wapangaji. Mpangaji anapohama akaacha uniti katika mita, je, tunamrudishia thamani yake? Kodi ya majengo ni deni la mwenye nyumba. Inapokatwa katika LUKU aliyoinunua mpangaji, je, tunaifidia katika pango? Hatuwezi kulidai shirika kile tunachomnyima jirani.

Basi tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogondogo kuteua katika kila jumuiya mtu mmoja mwaminifu, atakayewaandikia barua wasiojua kuandika, na kufuatana nao hadi ofisini. Stakabadhi zitunzwe, wapangaji walipwe kilicho chao, na mnyonge asiende peke yake.